Anayelala Ndani Ajue Kwanza

Tafakari ya wiki: Ruthu 4:1–12

Ukipita Kihonda, Mafiga au Mwembesongo hapa Morogoro hukosi kukutana na ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Sote tunajua kilichopo nyuma ya maandishi hayo. Ndugu wanagombana, au hati iko mkononi mwa asiyehusika, au kuna tapeli aliyekwisha kupokea pesa za watu wawili kwa nyumba moja. Nyumba inayouzwa kweli haiandikwi kitu. Huuzwa kwenye simu ya dalali, kwa picha tatu na bei, na wanaoishi ndani mara nyingi ndio wa mwisho kujua. Mama yuko barazani anachambua mchicha. Bodaboda mbili zinasimama, wanashuka wanaume watatu. Hawabishi hodi. Mmoja anapima uwanja kwa hatua, mwingine anachungulia dirisha la chumba walimolala watoto, wa tatu anauliza choo kiko upande gani. Mama akiuliza kulikoni anajibiwa, "Tunaangalia tu, mama, usiwe na wasiwasi." Usiku huo halali.

Naomba tusome sura ya nne ya kitabu cha Ruthu tukiwa na huyo mama mbele yetu. Tumezoea kuisoma sura hii kwenye harusi, tukikimbilia pale Boazi anapomwoa Ruthu. Safari hii tuisome kama ilivyo: ni habari ya mauzo.

Boazi alitaka kumaliza jambo la shamba la marehemu Elimeleki, mume wa Naomi. Angeweza kulimaliza kimyakimya. Yeye alikuwa mtu mwenye mali, na Naomi alikuwa mjane mwenye shida, wa kupokea bei yoyote atakayotajiwa. Lakini alipanda hadi lango la mji, mahali anapopita kila mtu, akaketi. Akamwita yule jamaa wa karibu zaidi aliyekuwa na haki ya kwanza, akakalisha wazee kumi, ndipo akaeleza: Naomi anauza shamba, wewe ndiwe wa kwanza, mimi ninakufuata, unataka au hutaki? Jamaa akasema anataka. Hapo Boazi akaongeza neno ambalo kwangu ndilo moyo wa sura nzima: siku utakapolichukua shamba, utakuwa umemchukua na Ruthu Mmoabu. Jamaa akarudi nyuma. Alitaka shamba tupu.

Ruthu hakuwa na karatasi yoyote. Alikuwa mgeni, mjane, na wa taifa ambalo Waisraeli hawakulipenda. Pale langoni hatuambiwi kwamba alikuwapo. Hata hivyo jina lake lilitajwa mbele ya wazee kabla mauzo hayajafungwa, na mwishoni mwa sura ya tatu Naomi, mama mkwe wake, alikwisha kumwambia atulie, kwa kuwa yule mtu hatapumzika mpaka jambo lifike mwisho siku hiyohiyo. Alijua shauri lake linasemwa, na alijua litaisha lini. Mpangaji wa Kihonda hana hata moja kati ya hayo mawili.

Siku hizi mji wetu unauzika. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, mtu anaweza kufanya kazi kule na kulala huku, na wapo wanaokuja Jumamosi asubuhi kuangalia nyumba na kurudi jioni. Sina ubaya nao. Kununua nyumba si dhambi, wala kuuza si dhambi. Mwenye nyumba ana haki ya kuuza mali yake hata kama ndani yake kuna wapangaji kumi. Ninachosema ni kwamba kwenye mauzo hayo kuna mtu anayelala ndani, na mtu huyo hana budi kutajwa. Tena asikie mapema, na asikie kutoka kinywani mwa mwenye nyumba mwenyewe.

Tuanze na sheria, maana huruma isiyofika hata kiwango cha sheria haijawa huruma. Zamani kidogo tulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984, iliyomkinga mpangaji kwa namna nyingi. Ilifutwa mwaka 2005. Tulichobakiwa nacho zaidi ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na mkataba wenu. Sheria hiyo inasema mpangaji ana haki ya kukaa kwa amani bila kubughudhiwa kwa muda wote aliopangishiwa. Inasema pia kwamba upangaji usiotajiwa mwisho huhesabiwa kwa kipindi cha kulipia kodi, na anayetaka kuuvunja hutoa notisi isiyopungua kipindi hicho: unalipwa kwa mwezi, toa mwezi. Upangaji wa muda mfupi unakubalika hata kama ni wa mdomo, kwa hiyo yule anayesema "huyu hana mkataba, nitamtoa kesho" anajidanganya. Na mkataba wa muda maalumu haufi kwa sababu tu nyumba imebadili mwenyewe. Kama mama yule amelipa hadi Desemba na mkataba hausemi vinginevyo, mnunuzi amenunua nyumba pamoja naye hadi Desemba. Boazi alilisema hilo zamani sana kabla ya Bunge letu.

Sasa hesabu. Tuseme ni chumba na sebule, kodi shilingi 80,000 kwa mwezi, na kama ilivyo desturi yetu amelipa miezi sita, yaani 480,000. Mwezi wa tatu anaambiwa nyumba imeuzwa, ahame mwisho wa mwezi. Akipata chumba kingine cha bei hiyohiyo ataombwa tena miezi sita, 480,000, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, 80,000. Hiyo ni 560,000 kabla hajakodi kirikuu cha kubebea vitanda, kabla ya kutafuta nafasi ya shule kwa mtoto wa darasa la nne, kabla mteja wake wa maandazi hajapotea kwa sababu amehamia mtaa mwingine. Na ile 240,000 ya miezi mitatu aliyokwisha kulipia? Mwenye nyumba anasema adai kwa mnunuzi. Mnunuzi anasema hakupokea kodi ya mtu. Kati ya wawili hao pesa ya mama inayeyuka, na wote wawili Jumapili wako kanisani.

Mama huyo angepewa miezi mitatu ya kujua, pengine angecheza mchezo wake wa upatu vizuri, angemwomba mwenye kikundi ampe zamu ya mapema, angezunguka mwenyewe jioni kutafuta chumba bila dalali. Taarifa ya mapema kwa mtu wa kipato kidogo ni pesa taslimu. Mwenye nyumba anayemnyima taarifa hiyo amemchukulia fedha, hata kama mkono wake haujagusa pochi ya mtu.

Kwa nini basi wenye nyumba wananyamaza? Nimesikiliza wengi, na si wote wabaya. Wapo wazee wetu wanaouza kwa sababu ya matibabu, au ada ya chuo, au deni la benki, na wanaona aibu mtaa ujue. Wapo wanaoogopa kwamba mpangaji akijua ataacha kulipa, au atamharibia kwa mnunuzi kwa kumwambia paa linavuja. (Kama paa linavuja, ndugu yangu, mnunuzi naye ni jirani yako wa kupendwa.) Wapo wanaosubiri mpaka pesa iingie ndipo waseme, wakihofia mnunuzi atabadili mawazo. Hofu hizi ninazielewa. Lakini zote zinamtaka mtu mmoja tu azibebe, naye ni yule ambaye hana faida yoyote katika mauzo.

Halafu kuna nyumba za urithi, ambazo ndizo zinazonipa kazi zaidi. Mzee amefariki, watoto watano, wawili wako Dar, mmoja Mbeya. Mpangaji anapokea simu tatu kwa wiki moja: lipa kwangu, usimlipe kaka, nyumba tumekwisha kuiuza. Hapa neno langu ni fupi. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Na kabla ya kutafuta mnunuzi aende na barua yake ya usimamizi kwa wapangaji, awaonyeshe ni yeye, awaambie kodi walipe wapi na nia ya familia ni ipi. Kama mwenye nyumba yu hai na nyumba ni ya familia, akumbuke Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimeona mpangaji akijua nyumba inauzwa kabla ya mke wa mwenye nyumba. Huo ni msiba mwingine, tutauzungumza siku yake.

Taarifa itolewe vipi? Kwanza kwa miguu. Nenda mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu, si kwa kumtuma kijana wa dukani. Kaa, sema. "Mama Neema, nimeamua kuuza nyumba, nimeona usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu." Sentensi hiyo moja imezuia kesi nyingi. Kisha muulize kama yeye mwenyewe angependa kununua. Najua mtacheka: mtu wa kodi ya 80,000 atoe wapi milioni za nyumba? Muulize tu. Wengine wana ndugu, wana SACCOS, wana mtoto aliye kazini. Na hata akisema hana, umemhesabu kuwa mtu wa kwanza, kama Boazi alivyomhesabu yule jamaa.

Baada ya mdomo, karatasi. Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, mwana wa ami yake, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na jeshi, alipima fedha shekeli kumi na saba, akaweka mashahidi, akaandika hati mbili, moja ya kufungwa kwa muhuri na moja ya wazi, na akamwagiza Baruku aziweke kwenye chombo cha udongo zidumu. Mji unaanguka, yeye anatunza nakala! Sisi tusio na vita tunashindwa hata kuandika tarehe. Barua ya notisi iwe na nakala mbili, iseme siku ya mwisho ya kukaa, kodi iliyolipwa inaishia lini, kama kuna ya kurudishwa ni kiasi gani na itarudishwa na nani, na kama mnunuzi yuko tayari kuendelea na wapangaji au la. Wote wawili wasaini, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Kodi ya kurudisha irudishwe kabla vyombo havijatoka nje, kwa sababu baada ya hapo simu huwa haipokelewi.

Muda gani? Sheria au mkataba unaweza kusema mwezi mmoja. Mimi kama mchungaji wenu nasema mitatu, na sioni haya kuomba zaidi ya sheria. Mwenye nyumba Mkristo anayeishia pale sheria inapoishia hajafanya kitu ambacho asiyeamini hakifanyi. Tena angalia kalenda. Usimtoe mtu katikati ya masika, Aprili, godoro linalowa kwenye kirikuu. Usimtoe mwenye mtoto anayejiandaa na mtihani wa darasa la saba Septemba au kidato cha nne Novemba. Wenye vyumba vya wanafunzi wa SUA kule Mafiga na Mazimbu mnajua muhula unaanza na kuisha lini. Mkiuza, mkabidhi wakati wa likizo.

Na wateja wanaokuja kuangalia? Kumbukumbu la Torati 24 ina agizo ambalo sijawahi kusikia likihubiriwa. Ukimkopesha mwenzako, usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akutolee. Yule aliyekopa alikuwa mnyonge, lakini mlango wake ulibaki wake. Kwa hiyo dalali apewe siku na saa, mpangaji aambiwe siku moja kabla, na mtu asimame nje mpaka akaribishwe. Kodi ikishalipwa, mlango ule ni wa mama wa mchicha.

Nawasikia wazee wa milimani, wa Kinole na Matombo na Mgeta, wakisema haya ni mambo ya mjini. Lakini nyie ndio mlioanza. Kwa Waluguru ardhi ilikuwa ya ukoo wa upande wa mama, na mtu wa ukoo mwingine aliyepewa mahali pa kulima alitoa ngoto kwa wenyewe, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenye nayo. Huyo alikuwa mpangaji. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kuamka asubuhi akauza kipande kile gizani, kwa sababu hakikuwa cha mtu mmoja. Ilibidi ukoo ukae, na ukoo ukikaa habari haifichiki. Sasa wajukuu wa koo hizo wana nyumba Bigwa na Kola, na wanauza kwa simu. Hati ya jina moja imetupa uhuru mkubwa. Kile kikao tumekiacha huko juu, na hapo naona tumepoteza.

Niwe mwadilifu kwa upande wa pili pia. Nchi hii imewahi kuona wenye nyumba wakikosa notisi. Aprili 1971, kwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na serikali nchi nzima, na hapa Morogoro mjini pia, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingia kwenye Shirika la Nyumba la Taifa. Watu wengi, hasa wenzetu wenye asili ya Asia, waliamka wakiwa wapangaji katika nyumba walizozijenga, na wengi wakaondoka nchini. Wapangaji wao walibaki, wakaanza kulipa kwingine. Sitaki tuamue leo kama ilikuwa haki. Nataka mwenye nyumba afikirie jinsi inavyokuwa kusikia habari ya paa lako redioni.

Tofauti na hapo ni mwaka 2002, serikali ilipoanza kuuza nyumba zake. Uuzaji ule ulilaumiwa sana na unalaumiwa mpaka leo, kwa bei zake na kwa pengo lililobaki pale watumishi wapya walipokosa pa kukaa. Lakini waliouziwa walikuwa watumishi wa umma, wengi wao wakiwa ndio waliokuwa wakiishi ndani. Katika makosa yote ya zoezi lile, kumfikiria kwanza aliye ndani halikuwa kosa.

Kwa wapangaji nina maneno machache. Ukiambiwa mapema, usigeuze wema kuwa silaha. Usiache kulipa ukisema "nyumba si yako tena." Usikae hadi mwezi wa tano ulipopewa mitatu, ukijificha nyuma ya mtoto. Lipa bili ya maji, rudisha funguo zote, acha taa ulizozikuta. Ukionewa, usipigane na dalali barabarani: anza kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ikishindikana liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapahapa mjini. Beba risiti zako.

Na sisi kanisa? Matendo ya Mitume inaishia na Paulo akiwa Rumi, miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga, akiwapokea wote waliomjia. Hatuambiwi jina la mwenye nyumba wake, ila tunajua kwamba kwa miaka miwili Injili ilihubiriwa katika mji mkuu wa dunia ya wakati ule chini ya paa la kukodi. Sharika nyingi changa za Morogoro zinaabudu hivyo mpaka sasa, katika kumbi na madarasa ya kupanga, na jumuiya zetu za katikati ya wiki hukaa kwenye sebule za wapangaji. Sharika nyingine zimejaliwa kuwa na nyumba za kupangisha. Wazee wa kanisa wanapopitisha azimio la kuuza moja, mhazini huwa na mengi ya kusoma, bei, eneo, hati. Mpangaji naye asomwe jina humo kwenye muhtasari, na mtu atumwe kwake kabla kikao hakijafungwa.

Katika kitabu cha Walawi sura ya 25 Mungu anawaambia Israeli kwamba nchi ni yake, nao ni wageni na wapangaji kwake. Siku moja kila mmoja wetu atapewa notisi, na kwa rehema zake ametupa muda mrefu wa kujiandaa kuliko sisi tunavyowapa wenzetu.

Kama unasoma haya na tayari una mnunuzi, na mpangaji wako hajui, usingoje mpaka malipo yakamilike. Nenda leo jioni, baada ya kazi, ukabishe hodi, umwambie mwenyewe.